Chungu cha Mnanaa kwa Mzee Leonardi

Jumatatu, 4 Juni 1973. Malangali.

Upepo wa leo si upepo, ni adhabu. Sikulala. Nilitembea chumbani, nikarudi kitandani, nikatembea tena, mpaka Shangazi Dominika akagonga ukuta na kuuliza kama nafukuza panya.

Sababu ni Cornelia. Baba yake, Mzee Leonardi, balozi wetu wa nyumba kumi, amesema ulezi ukishaingia ghalani atatoa jibu: binti anakuja kwangu au anakwenda kwa Adolfu. Adolfu! Fundi baiskeli, kucha nyeusi tii kwa grisi! Mimi Polikarp nimesoma mpaka darasa la nane, na nina masharubu ninayoyafuga tangu Pasaka. Hayajajaa, lakini dalili zipo.

Nimepata njia. Mzee analalamika tumbo kujaa gesi. Nimekwenda mjini kwa Bi Mwantum wa duka la vitambaa. Kwao chai bila mnanaa hainyweki. Akanieleza faida zake: hushusha gesi, huondoa harufu ya mdomo, hutuliza moyo hata mtu akapata usingizi. Akasema hata wanawake wanaoota ndevu hunywa zikapungua. Kisha akaanza: lakini mwenye... Nikamwambia nina haraka. Nimerudi na mzigo mzima, na mingine ina mizizi.

Jumatano, 6 Juni

Kundi letu la redio limekutana kusikiliza kipindi cha Mtu ni Afya. Kiongozi ni Cornelia. Somo lilikuwa choo. Akatuuliza mmoja mmoja nani amechimba. Nikasema changu kinaendelea. Akasema mbele ya watu wote kwamba yeye haolewi kwenye nyumba isiyo na choo. Watu wakacheka. Mimi pia nilicheka, ndiyo maneno ya kampeni hayo.

Shimo langu nililianza mwezi uliopita, limefika magotini. Jioni nikaenda kulitazama. Udongo laini, unyevunyevu, upepo haufiki. Nikapanda mnanaa wote mle ndani! Shangazi aliposikia aliketi chini. Akasema katika maisha yake hajapata kuona mtu anayelima bustani chooni. Nikamwambia bado si choo. Akasema ndiyo shida yenyewe.

Ijumaa, 8 Juni

Ushindi!

Nilijua Mzee hawezi kuheshimu kikombe. Nikamtengea mnanaa kwenye chungu, kama kimpumu hasa, pombe yetu ya ulezi, na mirija miwili. Tukakaa tukavuta. Maji yakipungua naongeza ya moto, yakipungua naongeza tena. Na chungu kikitengwa hakiachwi mpaka kiishe nguvu, kila mtu hapa anajua. Mnanaa wa Bi Mwantum hauishi nguvu upesi.

Kwenye maji ya tatu Mzee akabeua. Akabeua tena, ndefu, mpaka kuku wakasogea. Akasema tumbo limekuwa jepesi. Akapiga makofi ya shukrani, taratibu, kwa viganja vilivyokunjwa, kama anavyomshukuru padri. Mimi! Nimerudi nyumbani nusu natembea, nusu naruka.

Jumapili, 10 Juni. Pentekoste.

Baada ya misa nimepeleka chungu tena. Jana pia nilipeleka. Nitapeleka kila siku, mwanzo mwema usiachwe upoe. Mzee aliponiona alivuta kiti chake polepole, kisha akaniambia karibu mwanangu. Mwanangu! Akavuta mpaka mwisho. Mtu asiyependa kitu angekataa, au siyo?

Nyuma ya nyumba nikasikia sururu. Kumbe Adolfu, yumo ndani ya shimo mpaka mabegani, anamchimbia Mzee choo. Siku ya Pentekoste! Nikamwamkia kutoka juu, nikamwuliza kama amepoteza spana humo. Akaendelea kuchimba. Mtu anakwenda kuposa na koleo, jamani. Nimecheka njia nzima.

Jumanne, 12 Juni

Mzee hana raha. Ameketi wima kama nguzo, mkono kifuani. Nikamwuliza. Akasema ni vumbi la ulezi tu, wanapura. Akautazama mrija kwa muda, kisha akavuta. Nikaona huruma, nikazidisha majani mara mbili.

Mimi mwenyewe nakunywa ili nilale. Silali. Kila nikianza kusinzia natoka nje, narudi, natoka tena. Na huko nje hakuna pa kwenda ila kichakani kwenye baridi hii ya kukata masikio, kwa kuwa shimoni kuna bustani. Mnanaa umeshika vizuri sana. Ukiendelea hivi utafika mpaka kwenye maharage ya Shangazi.

Alhamisi, 14 Juni

Siku mbili kwa moja: asubuhi peponi, jioni motoni.

Asubuhi Cornelia alinisimamisha njiani. Yeye mwenyewe! Akaniuliza kama nilisikia mnanaa unamfanyaje mtu mwenye kiungulia. Nikamjibu kiungulia na gesi ni ndugu, wote wanakaa tumboni. Akasema baba yake siku hizi analala amekaa kitini, akijilaza tu kifua kinawaka moto. Akasema angeniambia mengi zaidi ila baba amemkataza: mgeni akikuletea kitu kwa mikono miwili humwambii kinakuua. Akasema niache, tafadhali. Machozi yalimlengalenga. Kwa ajili yangu, bila shaka. Anaona ninavyojichosha.

Jioni nikapita kilabuni. Adolfu, ambaye siku zote hana maneno, leo kayapata. Akawauliza wazee: kama dawa hii, kwa maneno ya Polikarp mwenyewe, inaondoa ndevu za wanawake, masharubu yake yatapona? Kilabu kizima kikageuka kunitazama juu ya mdomo. Mzee mmoja akaomba kibatari kisogezwe. Wakakubaliana kwamba Pasaka yalikuwa mengi zaidi.

Nimejitazama kwenye kioo cha Shangazi. Upande wa kushoto kweli kumepungua! Naye Shangazi, anayekunywa masalia yangu kila jioni, anajipapasa kidevu na kutabasamu. Anasema ni upuuzi, wiki moja haiwezi kufanya kitu. Lakini anatabasamu.

Nimeacha kunywa. Mzee naye nimwache? Hapana. Masharubu yake ni mazito, yatastahimili.

Jumapili, 17 Juni

Ulezi umeingia ghalani. Nimeitwa. Shati la kaki, viatu vya marehemu mume wa Shangazi, chungu mkononi.

Mzee amekonda kidogo. Lakini heshima aliyonipa leo! Alichutama, akapiga makofi, akauliza habari za nyumbani, za Shangazi, za kuku, mpaka za mnanaa. Kisha akasema wema wangu umeijaza nyumba yake mpaka juu, hauna pa kukaa tena. Akasema miguu yangu imechoka kwa njia hii, sasa ipumzike. Akasema nchi ni kubwa na Mungu ana mabinti wengi. Chungu changu akanirudishia kimeoshwa, kikavu, na ndani yake jogoo. Akanisindikiza mpaka njia panda, mgonjwa vile, akasimama mpaka nikapotea.

Nani amewahi kusindikizwa hivyo? Jogoo! Nimefika nyumbani naimba.

Shangazi akaniuliza maneno yote, neno kwa neno. Kisha akasema: mwanangu, umefukuzwa. Nikamwambia hajui lugha ya wakubwa. Akasema yeye Mfipa tangu azaliwe, na mtu akitaka uje kesho hakuoshei chungu. Akamchinja jogoo. Tumekula. Sikusikia utamu. Kila mfupa nilioushika niliona Mzee amesimama njia panda.

Lakini hakusema hapana. Nimerudia kila neno. Hapana haimo.

Jumapili, 24 Juni

Kanisani. Padri akafika kwenye matangazo ya ndoa. Adolfu, wa Malangali. Cornelia, wa Malangali. Kwa mara ya kwanza. Shangazi akanishika mkono kwa nguvu, jambo ambalo hajalifanya tangu nikiwa mtoto. Cornelia alikuwa benchi la mbele, mgongo umenyooka. Adolfu amesugua kucha mpaka zimekuwa nyeupe, nikaona hata mimi. Mzee Leonardi ameanza kurudisha mwili. Nje watu walimpongeza Adolfu kwa choo. Kwa choo! Wanasema kina mlango wenye bawaba.

Nilikwenda nyuma ya kanisa nikalia kidogo, sifichi.

Kisha nikakumbuka. Kwa mara ya kwanza, alisema. Hutangazwa mara tatu. Bado Jumapili mbili! Na Mzee, kwa masikio yangu nimesikia akimwambia jirani kwamba kifua bado kinawaka kidogo usiku. Kumbe kosa halikuwa kumpa dawa. Kosa lilikuwa dawa baridi.

Sikungoja chakula. Nimekwenda mjini mbio, upepo usoni, nikagonga mlango wa nyuma wa duka. Bi Mwantum amenipa tangawizi kavu na pilipili manga, nzuri sana, zinawasha hata kwenye karatasi. Akaanza: lakini mwenye...

Nilikuwa nimeshafika barabarani.