Kifua Rasmi cha Mkurugenzi

Jumatatu, saa tatu na robo asubuhi, ilitangazwa rasmi kwamba miti yote ya Shamba la Miti la Serikali imenenepa kwa asilimia saba tangu Ijumaa. Tangazo lilisomwa kwa kipaza sauti mbele ya ofisi, na wafanyakazi wakapiga makofi kwa muda uliopangwa. Miti yenyewe haikualikwa.

Aliyejua siri ya mafanikio hayo ni mpimaji mkuu, mwanamke wa makamo aliyeitwa Mama Utepe, kwa kuwa kwa miaka kumi na tisa hakuna aliyewahi kumwona bila utepe wa kupimia shingoni. Kazi yake ilikuwa kuzungushia msonobari utepe huo, kusoma unene na kuandika. Na unene wa mti husomwa kwenye kimo cha kifua. Kifua cha nani, hakuna aliyeuliza. Wataalamu walikubaliana zamani iwe sentimita mia na thelathini kutoka ardhini, vibarua wakapaka mistari myekundu, mambo yakaisha.

Yakaisha mpaka Ijumaa hiyo, Mkurugenzi mpya alipokuja kukagua. Alikuwa mtu nadhifu, mfupi kwa kimo na mrefu kwa cheo. Alisimama mbele ya mti wa kwanza akakuta mstari mwekundu uko usawa wa midomo yake.

"Hiki ndicho mnachokiita kifua?"

"Ndiyo, mheshimiwa."

"Cha nani?"

Mama Utepe alifikiri. "Cha jumla, mheshimiwa."

"Taasisi haiendeshwi kwa kifua cha jumla. Kifua kisicho na mwenyewe kitawajibikaje?"

Akauchukua utepe, akauzungusha usawa wa kifua chake mwenyewe. Mti wowote ni mnene zaidi chini kuliko juu, jambo ambalo hata mbuzi anayejikunia hapo analijua, kwa hiyo namba ikapanda. Mkurugenzi aliitazama namba hiyo kama baba aliyeletewa ripoti nzuri ya mtoto.

"Unaona? Miti inakua. Tatizo lilikuwa uongozi."

Hivyo ukazaliwa Waraka Namba Tatu. Kifungu cha kwanza: kifua rasmi ni kifua cha Mkurugenzi aliye madarakani, akiwa amesimama wima. Kifungu cha pili: kwa kuwa miti imethibitika kukua bila kubembelezwa, kikosi cha kupogoa kitavunjwa mwisho wa mwezi.

Kikosi hicho kilikuwa na watu ishirini na wawili, wanaozunguka na ngazi na misumeno kukata matawi ya chini ili mbao zije zisiwe na vifundo. Kiongozi wao alikuwa wifi yake Mama Utepe, dada wa mumewe, mjane aliyesomesha watoto wanne kwa msumeno. Jioni ya Jumatatu ile ya tangazo alifika jikoni kwa Mama Utepe, akakataa kiti.

"Wifi, yaani watu ishirini na wawili tunafukuzwa kwa sababu ya kifua cha mtu?"

"Mimi nilishika utepe tu."

"Si ungeuachia ukaanguka."

Mama Utepe aliona aibu, halafu akakasirika kwa kuona aibu. Wifi alipoondoka, alikaa akausoma waraka mara tatu, neno kwa neno, jambo ambalo aliyeuandika hakuwa amelifanya.

Asubuhi alikuwa mlangoni kwa Mkurugenzi, na jozi ya mabuti mkononi.

"Tuko tayari, mheshimiwa. Viwanja sitini vya sampuli, miti ishirini kila kiwanja. Kifua kinahitajika."

"Kata fimbo ya urefu huo mkapimie."

"Nimeangalia, mheshimiwa. Waraka unasema Mkurugenzi aliye madarakani. Fimbo haijateuliwa."

Mkurugenzi angeweza kuurekebisha. Lakini waraka ulikuwa umeshafika Wizarani na umeshasifiwa, na kurekebisha ni kukiri kosa, na Mkurugenzi wa wiki mbili hana makosa. Naibu wake alijitolea kwenda badala yake, ila Naibu alikuwa mrefu kama mlingoti; angeikondesha miti yote kabla ya chakula cha mchana. Mkurugenzi akavaa mabuti.

Kiwanja cha kwanza kilikuwa cha misonobari michanga isiyopogolewa, matawi yameanzia magotini. Tawi moja lilimvua miwani, la pili likashika tai na kukataa kuiachia. Kufika kwenye mti wa tatu, koti lilikuwa limelowa utomvu na kifua rasmi kilikuwa bado hakijagusa gome lolote.

"Haya matawi hayajakatwa kwa nini?"

"Kikosi kinavunjwa, mheshimiwa."

Kifungu cha pili kikasitishwa palepale, kwa muda, "ili kurahisisha mawasiliano kati ya Mkurugenzi na mti". Kikosi kikaanza kumtangulia kwa misumeno, na wifi akajipa kazi ya kumsimamisha sawasawa.

"Sogea, mzee. Usijikunje. Kifua kiguse gome."

Miti elfu moja na mia mbili ilimalizika baada ya wiki tano. Ripoti ikaenda, na jibu la Wizara likarudi haraka kuliko barua yoyote iliyowahi kutoka huko. Wizara ilipongeza ukuaji wa asilimia saba kwa siku tatu. Ilielekeza kwamba mwaka ujao lengo liwe asilimia saba tena, kwa kuwa uwezo upo. Kifua cha Mkurugenzi kilitangazwa kuwa nyenzo ya Serikali: kisihamishwe, kisiende likizo, na kisivalishwe viatu vyenye visigino mpaka kitakapostaafu.

Mkurugenzi alimwita Mama Utepe, akafunga mlango mwenyewe.

"Hiyo saba tutaipata?"

"Wakipogoa vizuri, mheshimiwa, tutapata nne."

"Na tatu?"

"Mwaka huu tulitumia kifua."

"Kifua ni hiki hiki." Alishusha sauti. "Kwani tukirudi kimya kimya kwenye mistari myekundu?"

"Miti itakonda kwa asilimia saba. Wizara itauliza mbao zimekwenda wapi, na nani alikuwa madarakani."

Mkurugenzi alikaa. Mama Utepe alimwonea huruma kidogo, kisha akakumbuka kile kifungu cha kukivunja kikosi, huruma ikamwisha.

"Njia ni mbili, mheshimiwa. Ama mti upande, ama kifua kishuke."

"Kishuke vipi?"

"Kikosi kina majembe. Ila wako mbioni kuondoka, na shimo la kiserikali si la kuchimbwa na kibarua wa kutwa."

Waraka Namba Nne ulisainiwa kabla ya saa sita. Kikosi cha kupogoa kilipandishwa kuwa Idara ya Upogoaji na Mashimo, watu ishirini na wawili, ajira ya kudumu. Mama Utepe alisubiri wino ukauke, akaondoka na nakala mbili.

Siku ya kipimo cha mwaka uliofuata, wageni kutoka Wizarani walikaa chini ya turubai. Wifi alikuwa amechimba pembeni ya mti wa kwanza shimo zuri, lenye kuta zilizonyooka. Mkurugenzi alisimama ukingoni na suti yake.

"Hili ni la mwaka huu tu?"

"La mwaka huu, mheshimiwa," alisema Mama Utepe. "Mwakani tutaongeza kidogo."

Wageni walikuwa wameshaanza kupiga makofi. Mkurugenzi aliingia. Mama Utepe alizungusha utepe, akatangaza kwamba mti umenenepa, na mgeni mmoja akafuta machozi.

Wifi aliegemea jembe lake. "Anastaafu lini huyu?" aliuliza kwa kunong'ona.

"Bado miaka kumi na minne."

Wifi alimpima Mkurugenzi kwa macho, kuanzia utosini mpaka kwenye udongo, akapiga hesabu yake taratibu. Kisha akasema udongo wa hapa ni laini, watachimba tu.