Kahawa kwa Stata Mfu

Jumatatu, 2 Oktoba. Cienfuegos.
Mkurugenzi Remberto ametangaza: Ijumaa anakabidhi funguo za stoo ya karakana. Ama kwangu, ama kwa mwenzangu Eneida. Mimi nimesoma vitabu vya uchumi rafu nzima. Eneida husoma gazeti alilofungia samaki.
Utaratibu wetu ni mzuri kuliko wa taifa lolote: dereva huleta stata iliyokufa, ile mota ya kuwashia injini, hupewa iliyofufuliwa; ile maiti nayo tunaifufulia mwingine. Lakini maiti hazirudi! Madereva wanazificha chini ya kitanda, ati akiba. Ubepari chini ya godoro! Nikamwambia Remberto ninayo dawa. Eneida akauliza: ya kunywa au ya kupaka, Profesa?

Jumanne, 3.
Nimebandika bango: lete stata mfu, chukua pakiti ya kahawa. Kahawa ni ya jiko la karakana. Idhini nimejipa mwenyewe. Eneida akasema niweke kikomo, kwani mafundi hufufua nne tu kwa siku. Kikomo! Ndivyo mapinduzi yanavyonyongwa.

Jumatano, 4.
Foleni mpaka kona! Stata arobaini na moja kabla ya mchana! Fundi Yunier akataka tuzipime kwanza. Nikamjibu kwamba maiti hapimwi homa. Tumezifungua zote vipande vipande, koili ndoo hii, brashi ndoo ile. Stoo ya kisayansi. Leo nalala kama waziri.

Alhamisi, 5.
Foleni nyingine. Watu walewale! Washenzi wale jana waling'oa stata nzima, zisizo na ubovu, kutoka kwenye magari yao. Kahawa wamekunywa, sasa magari hayawaki. Hata Gumersindo wa lori la mkate! Mtaa mzima haujala mkate tangu asubuhi. Kina mama wamenizingira mlangoni. Mmoja akasema, ndugu yangu, leo tutakutafuna wewe.
Hapo Eneida akavuta kigoda. Nakiri, na nampiga kofi anayebisha: sijawahi kuona kitu kama kile. Ananusa koili, anaitupa: hii imeungua. Anapitisha ukucha kwenye nyingine: hii nzima, ya Gumersindo, nilimfungia mwenyewe mwezi wa tano. Anajua kila kipuri kilitoka kwa nani, na kitarudi lini! Baada ya saa mbili lori likanguruma. Hadi jioni, magari tisa. Mikono ile ni maktaba. Nilimshikia taa, nikajiona nimeheshimiwa.

Ijumaa, 6.
Funguo kapewa Eneida. Nilipiga makofi kuliko wote, na kwa moyo. Akaniambia, Profesa, kaa mbali na ndoo zangu. Sauti ya kiongozi!

Jumamosi, 7.
Nimetafakari kwa unyenyekevu. Nadharia haikuwa na kasoro. Kosa ni la kahawa, inachangamsha watu mno. Wakaamka na spana mkononi. Bango la betri chakavu liko tayari, Eneida bado hajaliona. Safari hii natoa chupa ya rumu.