Malalamiko Kuhusu Marahaba Zisizonifikia Barabarani

Kwa Mwenyekiti,
Baraza la Wazee,
Kinyangiri, Mkalama.

Mheshimiwa Mwenyekiti, shikamoo.

Naomba shikamoo hii uipokee kwa utulivu na kuiitikia kwa nafasi yako, kwa sababu iko kwenye karatasi na haikimbii. Zile nyingine, ninazozitoa nikiwa nyuma ya usukani, ndizo zilizonifanya niandike.

Mimi ni Calist, mbeba alizeti na vitunguu kati ya Kinyangiri na Nduguti, mwenye ile pikapu ndogo nyeupe niliyoachiwa na marehemu mjomba Antipasi. Kama unavyojua, injini yake ilikufa katikati ya mavuno. Fundi Clement wa Nduguti akaniambia kuna gari la kifahari limepinduka barabara kuu, bodi imekuwa chapati lakini injini nzima, silinda nane, haina hata mkwaruzo. Tukaichukua. Clement akakata chuma, akachomelea, akasogeza rejeta hadi inagusana na bampa, na boneti ambayo haikukubali tena kufunga tukaifunga kwa mpira wa baiskeli. Gari likawaka. Kuku wa mtaa mzima wakakimbilia porini, na wengine mpaka leo hawajarudi.

Sina ugomvi na injini. Ugomvi wangu ni na wazee, na nausema kwa heshima zote:

1. Wazee wanaitikia polepole. Zamani, pikapu ikiwa na injini yake ya kwanza, nilikuwa namwamkia mzee, ananiitikia, ananiuliza habari za mama, za ng'ombe na za mguu wa mama, na bado tuko bega kwa bega. Sasa nikisema shikamoo mbele ya geti la Mzee Simeoni, yeye anafungua mdomo wakati mimi nimeshafika kwenye mashine ya kukamua alizeti. Marahaba yake inaangukia kwenye vumbi, nami nahesabiwa kwamba sikuamkia.

2. Shikamoo zangu zinapokelewa na wasiohusika. Ile ya Mzee Simeoni humfikia Bibi Martha, nyumba ya pili, ambaye kwa sababu hiyo anatangaza kanisani kwamba hakuna kijana mwenye adabu kama mimi. Ya Bibi Martha nayo humfikia mtoto wa Stanley, wa darasa la pili. Mtoto huyo ameitikia. Ameitikia, Mheshimiwa, tena kwa sauti nzito, na nasikia sasa anakataa kutumwa maji. Naomba aonywe.

3. Nimejaribu kuamkia mapema. Jioni moja nilianza kutoa shikamoo kabla sijamwona vizuri ninayemwamkia, nikaamkia kichuguu. Nikajaribu honi, ambayo nayo ni ya lile gari la kifahari. Akina mama wakatoka na vigelegele wakidhani analetwa bibi harusi.

4. Hapa ndipo penye uchungu. Mzee Simeoni ni baba yake Dorika. Barua yangu ya posa, iliyopelekwa na mshenga wangu Mzee Hezekia, imerudishwa bila kufunguliwa, pamoja na ujumbe kwamba hawezi kumwoza binti yake kwa kijana anayempita kama nguzo ya umeme. Mheshimiwa, Dorika nampenda, na chakula hakipiti. Nimemwamkia baba yake kila siku iendayo kwa Mungu, halafu nanyimwa mke kwa kosa la hewa kushindwa kubeba sauti kwa wakati.

Kwa hiyo naliomba Baraza lipitishe yafuatayo:

(a) Wazee waitikie kwanza. Injini hii ikiwashwa Nduguti, mwenye masikio anaisikia. Mzee akiisikia aseme marahaba, nami nikifika nitatoa shikamoo inayohusika.

(b) Ikishindikana, wazee wote wa kandokando ya barabara wakusanyike siku ya mnada, wapangwe kwa umri, niwape shikamoo moja kubwa ya wiki nzima, kisha Baraza liwagawie.

(c) Hiyo nayo ikishindikana, Baraza litambue kwamba injini yenyewe ina cheo. Kabla ya kuja kwangu ilikuwa inabeba watu wazito, vioo vyeusi, vimepandishwa juu. Gari lile lilipita hapa kwetu mara nyingi. Halikumwamkia mtu, likawavika wazee vumbi, na hakuna baraza lililokaa. Wazee walilipungia mkono. Mzee Simeoni alivua kofia, nilimwona. Sasa injini ni ileile, barabara ni ileile na mzee ni yuleyule. Kama kilichobadilika ni bodi tu, basi nitaweka vioo vyeusi, na kuanzia siku hiyo wazee ndio waniamkie mimi.

Wapo watu wasiojua magari wanaouliza kwa nini nisipunguze mwendo. Injini ya namna hii haiendeshwi polepole. Clement amesema ukiibembeleza inachukia, inakohoa, na inaweza kuzima moja kwa moja. Siwezi kuua injini kwa ajili ya salamu.

Nisalimie wajumbe wote wa Baraza, kuanzia mkubwa hadi mdogo. Wasalimie pia mama Magreth na wote wa hapo nyumbani, katekista, na walimu wa shule. Mtoto wa Stanley asisalimiwe.

Ni mimi kijana wenu, ninayepita lakini sipiti kwa dharau,

Calist

Nyongeza: Mheshimiwa, kabla sijaituma barua hii Dorika aliisoma, siku ya mnada kule Nduguti. Hakucheka. Aliniomba ufunguo. Nilikuwa sijui kwamba alijifunza udereva kwa shangazi yake Singida mjini. Baba yake alikuwa amekosa usafiri, basi Dorika akamketisha mbele, mimi akaniambia nipande nyuma juu ya magunia, akaendesha hadi nyumbani kwa mwendo wa ng'ombe wanaotoka kunywa maji. Injini haikukohoa wala haikuchukia. Nilipomuuliza Clement, alisema hajawahi kuniambia maneno yale, aliniambia nipunguze mwendo.

Dorika alisimama kwa kila mzee. Bibi Martha akaniuliza kama marahaba zake huwa zinanifikia, maana kila siku hungoja vumbi litue ndipo huniitikia, hata kama nimeshapotea konani. Niliona aibu, nikawa najifanya nakaza kamba za magunia.

Maombi yangu yote nayaondoa, isipokuwa la mtoto wa Stanley. Mzee Simeoni amekubali kuipokea barua ya posa, kwa sharti kwamba ufunguo wa gari ubaki kwa Dorika. Tulipofika getini kwake nilishuka, nikasimama mbele yake, nikamwamkia. Alinitazama, akaitazama barabara, akavua kofia na kuikung'uta vumbi taratibu. Nadhani alikawia makusudi. Nilisubiri. Kisha akaitikia.