Mama Khalayi Apaa kwa Barabara

Sifuna alipomsikia Mama Khalayi akijigamba sokoni Lubao kwamba Jumamosi atapanda ndege kwenda Nairobi, masikio yalimsimama. Mama alikuwa na fahali wa kupigana, mweusi, anayeheshimika kuliko diwani, na Sifuna alikuwa akimmezea mate tangu mwaka jana.

"Mama, ndege ni ya kuringia tu," alisema kwa upole wa daktari. "Mimi kwa barabara nitakutangulia."

"Barabara inakulanga siku nzima! Ndege haimalizi hata saa moja."

"Angani, ndiyo. Lakini kwanza ufike Kisumu, ukaguliwe, ungoje, halafu ushukie Nairobi kwenye foleni. Tuweke dau. Tutoke hapa pamoja, mshindi ni wa kwanza kubisha kwa binti yako Zipporah, South B. Mimi naweka pikipiki, wewe fahali."

Mama alikubali bila kubembelezwa. Hilo peke yake lingemtia wasiwasi mtu mwenye akili timamu.

Kusema kweli, Sifuna alijua hesabu yake haisimami. Barabara ingemla saa saba, au nane foleni ya Nakuru ikikataa kusonga. Na pikipiki ndiyo iliyolisha nyumba yake. Akiipoteza, mkewe Navalayo angemfukuza na mwiko mkononi. Lakini matapeli hawabahatishi. Jioni hiyo alimnong'oneza Kipngetich, dereva wa Mama, akamwahidi ndama wa kwanza wa fahali huyo mradi gari "liharibike" Chavakali, njia za Kisumu na Nairobi zinapoachana, mpaka ndege iondoke.

Jumamosi alikodi gari la Oduor, na Oduor mwenyewe dereva, akamlipa nauli yote mapema, wakaondoka. Chavakali, gari la Mama lilikuwa kando ya barabara, boneti juu, Kipngetich akiinamia injini kama mfiwa. Mtu mwenye busara angepita. Sifuna alitaka kuonja utamu.

"Pole sana, Mama! Ndege si itakuacha?"

"Itaniacha, mwanangu. Lakini mimi si kitu. Namhurumia mgeni wangu."

Mlango wa nyuma ukafunguka, akashuka Mama Nasambu, mamake Navalayo, na kuku kwapani. Sifuna alitoka garini mbio, macho chini, mikono mgongoni. Mama mkwe hapewi hata mkono, sembuse kubanana naye ndani ya gari dogo hadi Nairobi!

"Mkwe wangu," alisema Nasambu akiuangalia mlingoti wa stima, "nilikuwa naendanga kuona mtoto wa Zipporah. Wewe si uko na gari?"

Kumnyima ni aibu ya ukoo mzima. Kupanda naye ni mwiko. Sifuna alitafuta njia ya tatu, jasho likimtoka, asiione.

"Ingia, Mama," alisema kwa sauti ya mgonjwa.

"Asante. Khalayi, njoo, nafasi iko."

Oduor aliuliza tu, "South B, sivyo?" Wakayoyoma upande wa Kapsabet.

Kipngetich alifunga boneti. Injini iliwaka mara moja.

"Wafuate!" Sifuna alipiga kelele. "Na ndama wako je?"

"Mama ameniahidi wawili, bosi. Na hili gari ni lake. Amesema nirudi Lubao."

"Kufanya nini?"

Kipngetich alimfungulia mlango kwa heshima zote. "Kuchukua pikipiki. Panda mbele, ukanionyeshe mahali unawekanga ufunguo."