Umeme wa Gari Langu Usiingie kwa Bu

Kwa Meneja,
Mradi wa Magari na Gridi,
Jeju.

Mheshimiwa Meneja,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na upepo wa kwenu si mkali kama wa huku. Mimi ni Ko Byeong-taek, mkulima wa machenza, na nilikuwa miongoni mwa wa kwanza kijijini kujiunga na mradi wenu. Mchana, mitambo ya upepo inapozalisha umeme hadi ukakosa wa kuutumia, gari langu linachaji. Jioni, watu wanapowasha majiko, linaurudisha kwenye gridi. Ni jambo jema. Sina ugomvi na gridi. Ugomvi wangu ni na jirani yangu, Bu Jae-cheol, na ndiyo maana nalazimika kulalamika kama ifuatavyo:

1. Umeme wa gari langu unaingia nyumbani kwake. Ushahidi ninao. Taa ya chaja ikianza kumeta kuonyesha kwamba gari linatoa umeme, dirisha la Bu nalo linawaka, kisha anashika maikrofoni na kuanza kuimba. Mtu huyu sisemi naye tangu alipoukata mchenza wangu uliochungulia upande wake wa ukuta. Iweje nimnunie mchana, halafu jioni nimwangazie?

2. Anajua. Juzi alisimama ukutani akaniambia, "Baba Mi-rae, umeme wako leo mtamu. Wali umeiva hata bakuli sijaosha." Mke wangu alicheka, na kicheko hicho nakihesabu kuwa hasara iliyosababishwa na mradi.

3. Nilijaribu kulimaliza mwenyewe nisiwasumbue. Baada ya chakula cha mchana nilitoka na gari nikazunguka kisiwa, hita imewashwa na madirisha yako wazi, ili jioni nirudi na betri tupu, Bu akae gizani. Gari likazimika katikati ya mashamba ya karoti, mbali na nyumbani. Wa kwanza kupita alikuwa Bu, na lori lake la dizeli. Alifunga kamba bila kuniuliza lolote. Njia nzima aliimba. Mara moja tu alitoa kichwa dirishani akasema, "Kanyaga breki taratibu, mzee mwenzangu, usije ukanigonga tukagombana." Tulipofika, mkewe alikuwa ameshawasha taa zote. Mpaka leo sielewi umeme aliupata wapi.

4. Hivyo naomba umeme wangu ufundishwe adabu. Kama unaijua njia ya kutoka garini, haushindwi kuujua mlango wa kuupita bila kuingia. Ikishindikana, mita za kijiji kizima ziulize kwanza nani hasemi na nani, ndipo zipokee. Na hilo likishindikana, Bu ahamishiwe kisiwa kingine.

Nisalimie wafanyakazi wote wa mradi, mafundi wanaopanda nguzo, na wa nyumbani kwako. Bu usimsalimie.

Wako, mwenye umeme wake,
Ko Byeong-taek

Tanbihi: Kabla sijaifunga bahasha, fundi wenu amepita kukagua chaja, nikamweleza. Anasema umeme wa gari hutumiwa kwanza na nyumba za jirani zilizo kwenye transfoma moja, na ukuta wetu ndio mpaka. Nyumba ya Bu iko kwenye transfoma ya barabara ya chini. Umeme wangu hajawahi kuuonja. Anayemwangazia ni Yang, yule mwenye gari jipya. Kumbe fundi alikuwa ameanzia kwa Bu, maana nimemwona Bu akipita langoni kwangu na kapu la samaki, anakwenda kumshukuru Yang. Yang huyo amehamia majuzi tu. Hajui hata Bu anaumwa goti gani. Tafadhali puuzeni yote niliyoandika hapo juu, mumhamishie Bu kwenye transfoma yetu. Nguzo ikihitajika, shamba langu liko wazi, chimbeni mnapotaka. Ila fanyeni haraka, kabla hawajazoeana.