Foleni ya Sinema ya Alhambra

Alhamisi, 11 Machi 1948
Filamu yetu inaondolewa baada ya onyesho la Jumamosi. Kasema Bwana Crouch wa makao makuu, kwa simu, saa tatu na dakika kumi asubuhi. Ni "Bibi Harusi Bila Kuponi": mapenzi, vichekesho, gauni lililoshonwa, kwa kukosa kuponi za mgao wa nguo, kwa pazia jeusi la kuficha taa wakati wa vita. Viti: mia nne. Watazamaji jana: kumi na mmoja. Ikiondoka, na mimi umeneja basi. Stubbs wa sinema ya ng'ambo ya barabara amejaza ukumbi kwa filamu ya wachunga ng'ombe wa Kimarekani. Kanipungia mkono. Anatabasamu mno yule.

Ijumaa, 12 Machi
Nimepata mpango! Mji huu ukiona foleni hujipanga kwanza, huuliza baadaye. Mwezi uliopita walisimama saa nzima nje ya duka la viatu wakidhani kuna vitunguu. Kesho dada yangu Mavis ataleta wanakwaya kumi na wawili mlangoni kwangu. Kauliza wafanye nini. Nimemwambia kusimama tu. Malipo: chai na keki.

Jumamosi, 13 Machi
Saa saba: kumi na wawili. Saa saba na nusu: themanini! Saa nane kasorobo: mia mbili, hadi mlangoni kwa muuza nyama! Stubbs katoka kutazama, tabasamu limekwisha. Nikafungua milango.
Hakuna aliyeingia.
"Mavis, ingieni."
"Ulisema kusimama tu, Wilfred. Tumesimama. Na filamu tuliiona Jumanne."
Nikawaomba waondoke. Wakasema hawaondoki kabla ya chai. Nikawasihi walio nyuma wawapite. Mama mmoja akanitazama kama mwizi.
"Niwapite watu kwenye foleni? Wewe bwana umelelewa wapi?"
Birika lilichemka saa nane na nusu. Mvua ilinyesha kabla yake. Stubbs akafungua milango yake. Kwake hakukuwa na foleni, wakaingia wote. Akanishukuru kwa kumkusanyia watu.
Tiketi zangu: tisa.

Jumapili, 14 Machi
Bwana Crouch kapiga simu. Jana alipita na basi, akaiona foleni! Filamu inabaki wiki moja zaidi, na mimi nayo. Jumamosi atakuja kuhesabu viti vilivyojaa mwenyewe.
Nimelichunguza kosa langu kwa utulivu. Wanakwaya walikuwa wachache mno. Jumamosi tarehe 20, saa saba kamili, Mavis analeta arobaini.