Barua Thelathini za Kumwokoa Daktari

Jumatatu, 3 Machi
Wametangaza kwamba tamthilia ya *Pete ya Daktari* imekatishwa. Sehemu mia mbili na nne nimezitazama, na Daktari ameachwa ameshika bahasha ya vipimo, hajaifungua. Mahali pake wameweka chemsha bongo. Mke wangu amesema ni maigizo tu, nile. Nimegoma kula. (Baadaye nimekula kidogo, mara mbili.) Shemeji amefurahi waziwazi. Ni kaka wa mke wangu, fundi bomba, anakaa kwetu kwa muda, mwaka wa pili sasa. Anapenda chemsha bongo na hajui jibu hata moja.

Kituo cha runinga hakijui kimemchokoza nani. Mimi ni fundi cherehani. Nina subira ya sindano.

Jumanne, 4 Machi
Mpango tayari kabla ya chai. Kituo kitapokea barua thelathini za watazamaji thelathini wenye uchungu. Wote ni mimi. Majina nimeyatoa kwenye daftari la vipimo vya wateja. Barua za wazee naziandika kwa mkono wa kushoto, mwandiko utetemeke. Kwenye barua yake, mama mwenye nyumba hapati usingizi. Mwalimu mkuu anatishia kuvunja runinga yake. Namba ya simu nimeweka kwenye barua moja tu, yangu, kama mwenyekiti wao.

Bwana harusi amekuja kuulizia suruali. Nimemwambia kitambaa kinapumzika.

Ijumaa, 7 Machi
Barua zimetumwa. Shemeji ameuliza mbona nina wino mikono yote miwili. Nimesema ni chaki ya fundi. Amenitazama sana, lakini kushuku kunahitaji akili.

Jumatano, 12 Machi
Ushindi. Wamepiga simu kutoka kituoni. Mkurugenzi ameguswa. Anawaalika watazamaji wote thelathini studio Jumamosi, waseme wenyewe mbele ya kamera. Nikasikia mtu anajibu kwamba watafika bila kukosa. Mdomo ulikuwa wangu.

Alhamisi, 13 Machi
Nimezunguka kutwa. Mwalimu mkuu hana runinga. Mama mwenye nyumba hulala saa mbili, fofofo. Hata hivyo wote wamekubali, maana basi la kituo ni la bure na wataonekana. Nimewafundisha kuhuzunika. Bwana harusi amekubali kwa sharti la suruali, nikaimalizia hapohapo kwa haraka.

Jumamosi, 15 Machi
Basi lilijaa. Kiti cha mbele alikaa Shemeji, sikumwalika.

Mkurugenzi alianza na mama mwenye nyumba. Alimuuliza anakosa nini tangu tamthilia ikatishwe.

"Mwanangu, mimi nimeletwa na fundi," akasema. "Ila hiyo chemsha bongo niliiona jana. Tamu kweli."

Watu wakapiga makofi. Mwalimu mkuu akaomba kuiona barua yake, akaisahihisha palepale, makosa saba. Bwana harusi akasimama kuonyesha kamera kwamba mguu mmoja wa suruali ni mfupi. Mkurugenzi akauliza basi barua hizi ni za nani. Vidole thelathini vikanielekea. Cha Shemeji kilitangulia.

Mkurugenzi hakukasirika. Alisema hajawahi kusoma majonzi kama yale. Lakini mwigizaji wa Daktari ameacha kazi, anafuga kuku. Chemsha bongo itaongezwa nusu saa, kwa maombi ya watazamaji. Shemeji akaitwa kujaribu swali moja. Akapata.

Jumapili, 16 Machi
Wateja sita wamechukua vitambaa vyao. Mama mwenye nyumba amenipita bila salamu. Mke wangu ameuliza, kwa upole wa kutisha, kama nimepata funzo.

Nimemwambia nimelipata. Kosa lilikuwa kuwaomba wengine kazi ninayoiweza mwenyewe. Nimeanza kuandika sehemu ya mia mbili na tano. Daktari nitakuwa mimi. Waigizaji ninao thelathini, na sasa wameshazoea kamera. Shemeji nimempa nafasi ya maiti. Bado sijamwambia.